Tukijua Mnakuja Tutafagia

Verediana alipoweka kifurushi cha gazeti juu ya meza ya Mtendaji wa Mtaa, Thobias alikirudisha kwa ncha ya kidole bila kukifungua.

"Shikamoo, mama. Samahani sana, lakini hapa ni ofisi ya serikali. Zawadi hatupokei."

"Marahaba. Nani kakwambia ni zawadi?" Verediana akakisukuma tena. "Hayo ni malalamiko. Fungua, utafune."

Thobias alifungua. Ndani mlikuwa na dagaa kiasi cha kiganja kimoja, wamekauka vizuri, wanang'aa kama dagaa wa Kigoma wanavyotakiwa kung'aa. Akatia watatu mdomoni. Mwanzo alisikia utamu wa dagaa tu. Halafu, nyuma kabisa ya ulimi, ikaja ladha ya utelezi na uchungu ambayo haikumezeka. Aliinuka, akaenda dirishani kutema.

"Sabuni," alisema, huku akijifuta mdomo.

"Basi andika hivyo hivyo."

Aliandika. Thobias alikuwa na kaunta buku moja nene la malalamiko, na katika miaka mitatu ya kukaa Mtaa wa Kamashozi lilikuwa limejaa zaidi ya nusu. Spika za baa. Mbuzi kwenye mihogo ya watu. Choo kinachotiririka kwa jirani. Mpaka wa kiwanja uliotembea wenyewe. Yeye hakuwa mtu wa maneno mengi wala wa kukaripia watu, lakini miaka hiyo mitatu ilikuwa imemfundisha, au alidhani imemfundisha, kwamba watu hulalamika kwa sababu mbili tu: wivu na mazoea. Hilo hakumwambia mtu. Ila pembeni mwa kila lalamiko, kwa penseli hafifu, aliweka herufi moja: W au M. Mama huyu alipotoka, alifikiri kidogo, akaandika W. Kisha, kwa kuwa hakuwa mwepesi wa kuhukumu, akaongeza alama ya kuuliza.

Sababu ya ile W ilikuwa Mzee Gervasi.

Kamashozi ni mwalo mdogo, mwendo mfupi kaskazini ya Kibirizi. Boti za dagaa hurudi alfajiri, na jua likitoka kina mama kumi na tisa huwa tayari wamekwisha kununua, wameosha, na wanatandaza dagaa juu ya vichanja vya waya vilivyosimama kwenye changarawe. Kila mwenye kichanja hufunga kipande cha kitenge kwenye nguzo zake ili dagaa wa mtu wasichanganyike na wa mwingine. Cha Verediana kilikuwa cha njano. Katikati ya vichanja hupita kijito kinachoshuka kutoka mlimani kwenye michikichi, na huko juu, hatua kama mia mbili hivi, ndipo ilipo karakana ya sabuni ya Mzee Gervasi. Gervasi alianza na sufuria moja na dumu moja la mafuta ya mise, yale ya kokwa za chikichi. Sasa alikuwa na mapipa manane ya kuchemshia na wafanyakazi kumi na wanne, na ukifiwa Kamashozi, viti na turubai vilitoka kwake, bure. Nani asingemwonea wivu?

Siku za kuchemsha, bomba nene la plastiki lilitoa maji meupe yenye povu, yakaingia kijitoni, kijito kikayashusha hadi pale kina mama walipooshea dagaa. Hilo Thobias alikuwa hajaliona kwa macho yake. Ofisi yake ilikuwa upande wa barabara.

Alichokuwa anajua ni kwamba mnunuzi wa Dodoma alikuwa amekataa dagaa wa Verediana kwa magiza mawili mfululizo. Huku giza ni zile siku ambazo mwezi haupo na taa za boti zinawavuta dagaa. Mbalamwezi ikija, boti hulala na wavuvi hulala. Mnunuzi alitafuna, akatema, akacheka: "Mama Bariki, mlikuwa mnaanika au mnafua?" Maneno hayo yalikuwa yamefika hadi Kasingirima. Akikataa giza la tatu atahamia mwalo mwingine na hatarudi, na Verediana alikwisha kumwambia Thobias wazi kwamba hapo atang'oa vichanja vyake. Miaka ishirini na sita alikuwa anaanika pale pale.

Thobias akaandika barua manispaa. Haikuchukua wiki mbili, jibu likaja: afisa mazingira atafika Alhamisi. Alifurahi, akawaita kina mama chini ya ukuta wa ofisi.

"Kina mama, Alhamisi tunapata mgeni kutoka manispaa. Anakuja kwa ajili ya lile la Mama Bariki. Naomba tujiandae."

Hakuna neno baya katika maneno hayo. Lakini waambie watu wa Kamashozi kwamba mgeni anakuja, uone.

Jumatano yote walifagia. Walianza na njia, wakaja kwenye vichanja, wakashuka majini. Changarawe iliyokuwa na utando wa kijivu waliizoa na kuimwaga nyuma ya mawe, wakaleta nyingine safi kwa karai. Dagaa walioharibika wakafukiwa. Irambona, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuvuka ziwa, ambaye wazazi wake walitoka Burundi yeye akiwa mgongoni, aliingia kijitoni na ndoo, akaengua povu hadi likaisha. "Mgeni aone povu? Yampaye inka!" aliapa kwa Kirundi. "Atasema tumelelewa na nani?" Verediana mwenyewe alifagia hadi kiuno kikamuuma.

Gervasi naye akasikia kuna mgeni. Mgeni gani, hakuuliza. Alizima moto wa mapipa, akawaambia vijana wake washushe turubai na viti vya plastiki, wawasaidie kina mama kufunga kamba.

Afisa alikuwa dada mmoja aitwaye Recho, wa miaka thelathini hivi, amevaa gambuti na kubeba begi dogo. Alimsalimia kila mtu kwa mkono. Zilikuwa siku za mbalamwezi, kwa hiyo vichanja vilikuwa vitupu, boti zimepandishwa, na ziwa limetulia. Akatoa vikaratasi vya kupimia maji, akachovya kimoja kijitoni. Kikabaki rangi yake ile ile. Akachovya cha pili. Vile vile. Akamtazama Thobias. Thobias akatazama maji, na maji yalikuwa yanaonyesha hadi vijiwe vya chini.

Wakamkalisha, wakamlisha ugali wa muhogo na samaki wa kuhe. Akashukuru, akaondoka.

Barua ilipofika, Thobias aliwasomea. Uchafuzi haukubainika. Aidha, akina mama wa mwalo wa Kamashozi wanapongezwa kwa kiwango cha usafi kinachofaa kuigwa na mialo mingine. Kabla hajamaliza, vigelegele vilipigwa. Irambona aliomba isomwe tena hapo penye kuigwa.

Verediana hakupiga kigelegele. Alisubiri wanyamaze.

"Tumemwita daktari," alisema. "Amefika, sisi tumeoga, tumejipaka mafuta, tumemwambia hatuumwi. Sasa tunapiga vigelegele."

Thobias alikunja barua polepole. Alikumbuka neno lake mwenyewe, tujiandae. Alikumbuka pia kwamba asubuhi ile ya Alhamisi na yeye alifagia mbele ya ofisi na kupiga pasi shati mara mbili.

Jioni alipita kwa Verediana kumwomba radhi, akamkuta akibishana na mwanawe. Bariki alikuwa mpakiaji wa mizigo Kibirizi, mabega mapana, maneno mafupi.

"Mama, mimi na washkaji tu. Mifuko miwili ya simenti, tunaziba bomba, kesi imeisha."

"Maji ya moto yakirudi ndani?"

"Ndo wajue."

"Wale kina mama wanaofungasha sabuni mle ndani ndio wajue? Yule Rozalia wa Rusimbi mwenye mapacha?"

Verediana akamsogezea sahani.

"Kaa ule. Na simenti ukiiona, ipite."

Thobias aliketi nao. Bariki alipoondoka, aliuliza swali ambalo lilikuwa likimkaa kifuani tangu ile siku ya kifurushi.

"Mama Bariki, kwa nini hukumwendea Mzee Gervasi mwenyewe? Ni jirani yako."

"Nani kakwambia sikumwendea? Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza alinipa soda. Mara ya pili alinipa sabuni miche miwili. Kila nikianza kusema, ananiuliza watoto hawajambo. Si mtu mbaya. Hasikii tu. Ukiwa umesimama karibu na mapipa yako yanachemka, husikii mtu wa chini." Alichochea mkaa kidogo. "Mara ya tatu niliogopa."

"Uliogopa atakufanya nini?"

"Niliogopa mimi ndiye nitamfanya. Mkewe alipojifungua mtoto wa pili mvua ilikata barabara, mimi ndiye niliyempokea yule mtoto kwa mikono hii. Nikienda mara ya tatu nitamtukana, naye atanijibu, watoto watasikia, halafu kina Bariki na simenti yao. Nikaona bora nije kwako. Serikali ikimwambia, ameambiwa na serikali. Mimi na yeye tutabaki kuzikana."

Thobias alikuwa anafikiria ile herufi W.

"Na kingine," Verediana aliendelea, kwa sauti ya mtu anayeongea na chungu chake. "Serikali ilitwambia tufunge ziwa miezi mitatu, samaki wazaane. Tulifunga au hatukufunga?"

"Mlifunga."

"Tulikula mihogo na majani miezi mitatu, boti zikakauka juani, hakuna aliyeiba hata siku moja hapa Kamashozi. Ilituambia, tukasikia. Sasa sisi ndio tunaiambia. Ningekuwa nadhani haina masikio, ningepoteza muda wa nini? Ningehama kimya kimya."

Usiku ule Thobias hakuandika kitu. Lakini kesho yake Verediana alirudi ofisini, na safari hii hakuwa na kifurushi. Alikuwa na mpango.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi, na kadiri Thobias alivyousikiliza ndivyo alivyozidi kuinama kumsogelea. Giza likianza, Verediana atagawa dagaa wake mafungu mawili kila asubuhi. Fungu moja litaoshwa kwenye mlango wa kijito kama siku zote. La pili litaoshwa kusini, kwenye mawe, mwendo wa dakika kumi, ambako maji ya kijito hayafiki. Yote mawili yataanikwa kichanja kimoja, jua moja. La kijito litafungiwa kitenge cha njano, la mawe kitenge cha bluu ambacho Irambona atamwazima. Jioni, mtu yeyote anayepita ataitwa aonje pande zote mbili bila kuambiwa ni zipi. Atakachosema, Thobias ataandika, pamoja na tarehe, na kama siku hiyo mapipa ya juu yalichemka au hayakuchemka.

"Na kufagia?" Thobias aliuliza.

Hapo Verediana alishusha pumzi. "Kufagia ndiyo kazi kubwa."

Ilikuwa kubwa kweli. Giza likaanza, boti zikatoka, mapipa yakachemka, povu likashuka, likakauka juu ya changarawe kama ukoko wa uji. Kina mama walipita wakigeuza nyuso. Siku ya pili tu, Verediana alimkuta Irambona kijitoni ameinama.

"Unafanya nini, Mama Ella?"

"Nafagia kidogo tu! Hapa pembeni! Sitaki mkwe wangu apite aone!"

Verediana hakugombana naye. Alikusanya mafagio yote kumi na tisa, kila moja akalifunga kipande cha kitenge cha mwenyewe, akayabeba kichwani hadi ofisini kwa Mtendaji na kuyasimamisha nyuma ya mlango. "Yafungie," alisema. "Hata mimi nikija kuomba langu, usinipe."

Alikuja kweli kuliomba, siku ya tano, uso umemshuka kwa aibu baada ya mchungaji kupita ufukweni. Thobias hakumpa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumkatalia mtu kitu ofisini huku amesimama kwa heshima.

Kila jioni sasa Thobias alishuka mwaloni na kaunta buku. Aliwaona waonjaji wa kila namna. Sheikh wa msikiti wa juu alionja njano, akatema kwa adabu ndani ya leso, akauliza kama wanamtania. Katekista alisema bluu ni dagaa na njano ni dawa. Fundi wa injini, ambaye mikono yake ilinuka dizeli na ambaye Thobias hakumtegemea, alichagua bila kosa siku tatu. Na siku ambazo mapipa ya juu hayakuwashwa, waonjaji walisimama wakatafuna upande huu, wakatafuna upande ule, wakachanganyikiwa. "Wote sawa tu. Mnatafuta nini?"

Giza lilipoisha, walikuwa na siku kumi na nane. Siku kumi na moja mapipa yalichemka na njano ikatemwa. Siku saba mapipa hayakuchemka na hakuna aliyeona tofauti.

Thobias alisogeza taa ya mezani na kuhesabu tena. "Mama Bariki," alisema, "hizi saba tungeziacha. Barua itakuwa fupi, na itakuwa na nguvu zaidi."

Verediana alimtazama kama anavyomtazama mnunuzi anayetaka kumpunja.

"Tukiziacha, Gervasi atasema tunamwonea."

"Anaweza kusema."

"Na atakuwa anasema kweli. Siku asizochemsha, maji yake ni mazuri kama ya mtu mwingine. Ziandike."

Aliziandika. Akiwa anaandika, aligundua pia kwamba zile siku saba ndizo zilizoonyesha wazi shida inatoka wapi, kuliko hata zile kumi na moja. Hakumwambia, maana aliona kwamba Verediana mwenyewe asingeziandika kwa sababu hiyo. Angeziandika tu.

Barua ilipokaribia mwisho, Verediana aliomba iongezwe sentensi moja, na akaitamka taratibu ili isikosewe: *Tunaomba afisa aje bila kututaarifu. Tukijua mnakuja tutafagia, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa.* Thobias aliona haikai vizuri katika barua ya serikali. Aliiandika hivyo hivyo alivyosikia.

Giza jipya lilikuwa na siku nne, na mnunuzi wa Dodoma, ambaye giza lililopita hakuja, alikuwa ameahidi kufika mwisho wa wiki, Recho alipotokea mlangoni mwa ofisi saa tatu asubuhi, gambuti miguuni. Hakuna aliyemtangaza. Thobias alisimama haraka, akaangusha kalamu, na mlango ulipojirudisha nyuma ya mgeni, mafagio mawili yakaanguka kwa kishindo.

Recho aligeuka, akayatazama yote. "Mtendaji, haya mafagio yote ya nini?"

"Yako mahabusu, afisa."

Recho hakucheka mara moja. Alishika kipande cha kitenge cha njano kwenye mpini mmoja, akakigeuza. Halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyeelewa kitu na kujicheka mwenyewe. "Niliisoma ile sentensi," alisema, "nikakumbuka ule ugali."

Walishuka. Mapipa yalikuwa yanachemka, moshi ulionekana juu ya michikichi. Kijito kilikuwa cheupe. Changarawe ilikuwa na ukoko wa wiki kadhaa, na katika ukoko huo kina mama walikuwa wameinama wakitandaza dagaa. Irambona ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona mgeni. Alipiga ukelele, akatupa macho huku na huku, akavua kanga yake ya juu na kuitupia juu ya rundo la uchafu lililokuwa karibu naye, kisha akasimama mbele yake.

"Mama Ella," Verediana alimwita kwa upole. "Itoe."

"Mbele ya mgeni?"

"Ndiyo. Mbele ya mgeni."

Irambona aliitoa huku amefumba macho.

Verediana mwenyewe alikuwa na matope hadi magotini na harufu ya samaki hadi kichwani. Thobias alimwona mikono yake ikitafuta ufagio usiokuwepo, ikifunguka na kujifunga. Kisha akaifunga nyuma ya mgongo, akasimama wima katikati ya uchafu ule kama mwenye nyumba anayempokea mgeni sebuleni.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Leo hatuna kiti."

"Asante, mama. Leo sikuja kukaa."

Kikaratasi cha kwanza kilibadilika rangi kabla Recho hajakitoa majini vizuri. Alichovya cha pili, cha tatu, akajaza chupa ndogo, akaziandika, akapiga picha. Alionja njano na bluu, akatema. Alikaa juu ya jiwe, akasoma kaunta buku lote, siku kumi na nane, ukurasa kwa ukurasa. Kwenye zile saba alirudi nyuma akazisoma upya.

"Nani aliamua hizi ziwekwe?"

Thobias akaonyesha kwa kichwa.

Walipanda hadi karakana, afisa mbele, Verediana nyuma yake, Thobias na kina mama wakifuata. Gervasi alitoka akijifuta mikono kwa tambara, mfupi, mwenye mvi, akitabasamu kabla hajajua kuna nini. Tabasamu lilipungua kidogo kidogo afisa alipokuwa akimweleza. Mwisho alimtazama Verediana.

"Mama Bariki. Umenishitaki mimi?"

"Ndiyo, nimekushitaki."

"Mimi!"

"Kama ningekuchukia, Mzee Gervasi, ningewaachia vijana bomba lako. Wana simenti. Nimezuia." Sauti yake haikupanda. "Nimekushitaki kwa sababu nataka tuendelee kusalimiana. Shuka uone. Miaka yote hii hujawahi kushuka siku ya kuchemsha."

Mapipa yalikuwa yakitokota. Gervasi alitupa tambara, akateremka. Alifika kwenye vichanja, akachukua dagaa mmoja chini ya kitenge cha njano, akatafuna. Mtu aliyechemsha sabuni miaka kumi na saba hahitaji kuambiwa ladha ya sabuni. Alisimama akilitazama ziwa, mgongo umewageukia, na hakutema. Alimeza.

Recho alimwandikia karatasi ya kusimamisha kuchemsha hadi achimbe shimo la kujengewa la kupoozea na kusafishia maji yale, nao manispaa watarudi kulikagua. Bila taarifa, aliongeza. Gervasi alitia sahihi akiwa amesimama. Kisha akapanda peke yake, na walimwona huko juu akiinama na kuziba mdomo wa bomba kwa gunia na udongo, kwa mikono yake, bila kumwita kijana hata mmoja.

Recho alifunga begi. Verediana alikuwa bado amesimama pale pale.

"Afisa, picha zimetosha?"

"Zimetosha, mama."

"Sasa tunaruhusiwa kufagia?"

Thobias hakusubiri jibu. Alitembea, halafu akajikuta anakimbia, mtu mzima na shati lake la kazi, hadi ofisini, akayakumbatia mafagio yote kumi na tisa na kushuka nayo. Aliyagawa akisoma vitenge. Kina mama waliyapokea kama watu waliorudishiwa viatu vyao. Irambona alilibusu lake.

Walifagia hadi adhuhuri. Saa fulani Gervasi naye alishuka na wanaume wake, wana reki na makarai, wakaanzia upande wa juu wa kijito. Hakusalimia. Walipokutana katikati, Verediana alisogea hatua moja kumpisha, bila kumtazama, na wakaendelea.

Mnunuzi wa Dodoma alifika Jumamosi. Verediana alimkaribisha kwenye kitenge cha njano bila maneno. Alitafuna, akasubiri, akatafuna tena. Kina mama wote walikuwa wameacha kazi.

"Leo hamkufua," alisema mwishowe, na akafungua mfuko wake.

Thobias alirudi ofisini mchana huo, akafungua kaunta buku mahali lalamiko la kwanza la Verediana lilipoandikwa. Ile W ya penseli ilikuwa bado pembeni, na alama yake ya kuuliza. Akatafuta kifutio kwenye droo, akaifuta. Alipuliza vumbi. Alitaka kufunga buku, lakini jicho lake likaanguka kwenye lalamiko la juu yake, la choo kinachotiririka kwa jirani, lililoletwa na bibi mmoja wa miaka sabini aliyetembea kwa fimbo kutoka bondeni. Pembeni alikuwa ameandika M, mazoea.

Aliitazama herufi hiyo kwa muda. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza kabisa, akavuta kiti, na kifutio mkononi akaanza kusoma.